Bao la mchenjuaji na mlinganyo wa mhadhiri

Miaka michache iliyopita niliandamana na wanafunzi wa jiolojia wa mwaka wa tatu kwenye safari ya mafunzo mkoani Geita. Tulikwenda kutazama miamba. Mwalo wa kuchenjulia dhahabu haukuwamo kwenye ratiba. Tuliufikia kwa sababu basi lilipata pancha karibu yake. Tulimkuta mzee mmoja akimwaga unga wa mawe uliotoka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, juu ya bao lililotandikwa gunia, kijana wake akimimina maji kwa ndoo. Kila baada ya muda mzee aliinama na kusogeza jiwe lililoinua kichwa cha bao, upana wa kidole tu, mbele au nyuma.

"Shikamoo mzee. Mbona unalisogeza kila mara?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Marahaba. Unga wa leo laini, mwanangu. Nikiacha mwinamo wa jana, mali yote inakwenda na maji."

Nikawageukia wanafunzi: kwa nini unga laini unataka bao lilale zaidi? Watatu kati yao walikuwa wamepata A katika mekanika ya vimiminika semista iliyotangulia. Kimya. Mmoja, kwa kutaka kuniokoa na aibu, alifungua daftari akaandika mlinganyo wa Navier na Stokes mzima, ule mkuu wa mwendo wa vimiminika, bila kukosea alama hata moja, halafu akabaki anautazama.

Siwalaumu. Walifaulu kile walichoulizwa. Ninayoilaumu ni kozi yenyewe, kwa namna nilivyoiona ikifundishwa: inaazimwa nzima kutoka kwa wahandisi, inaandikwa ubaoni kuanzia wiki ya kwanza hadi ya mwisho, kisha inafungwa na mtihani wa kuthibitisha milinganyo. Wanafunzi wanarithi madesa ya waliowatangulia, wanakariri hatua za uthibitisho, wachache wanasapu, maisha yanaendelea. Semista nzima ya mambo ya maji na hakuna aliyelowa.

Kwa mwanafunzi wa sayansi za dunia, kozi hii ingeanza na modeli ya mkononi na swali la skeli, na hesabu ziletwe pale zinapohitajika kujibu swali hilo. Sisemi hivyo kwa kuwaonea huruma wasiopenda hesabu. Nasema hivyo kwa sababu kazi ya mwanajiolojia inakwenda kinyume na ya mhandisi. Mhandisi ana bomba lake na pampu yake, anatafuta maji yatapita kwa kasi gani. Mwanajiolojia anafika mtiririko ukiwa umeshapita, pengine miaka milioni nyingi iliyopita. Anachokikuta ni mchanga uliolala kwa matabaka, au lava iliyoganda, au tope lililokauka katikati ya soko. Kutokana na masalia hayo anatakiwa aseme kilichopita kilikuwa na kina gani, kilinata kiasi gani, kilikwenda upesi gani. Asiyewahi kumwaga kitu na kukitazama kinavyotua hawezi kusoma masalia hayo, hata akijua milinganyo yote.

Turudi kwa mzee wetu. Mwaka 1851 George Stokes alionyesha kwamba kasi ya punje ndogo inayozama kwenye kimiminika kilichotulia inategemea tofauti ya densiti kati ya punje na kimiminika, ikizidishwa kwa mraba wa kipenyo cha punje. Dhahabu safi ina densiti mara 19.3 ya maji, kwatzi mara 2.65. Ukitoa sehemu inayobebwa na maji unabaki na 18.3 kwa 1.65, yaani dhahabu imezidi mara 11. Mzizi wa 11 ni kama 3.3. Kwa hiyo punje ndogo ya dhahabu huzama sawa na punje ya kwatzi yenye kipenyo kikubwa mara tatu na ushei, na katika pengo hilo ndimo mchenjuaji anamopatia riziki yake. Lakini ukisaga dhahabu hadi kipenyo chake kipungue nusu, kasi yake ya kuzama inashuka hadi robo. Bao lile lile, mwinamo ule ule, maji yale yale: punje inafika mwisho wa bao kabla haijagusa gunia. Ndiyo maana mzee alilishusha bao, na ndiyo maana marudio ya mialo, yaani unga uliokwisha kupita baoni, yana soko, maana wenye plenti, mitambo mikubwa ya kuchenjua, wananunua kile ambacho maji yaliwanyima wenye mabao. Hesabu yote inatosha nyuma ya risiti ya dukani.

Lile bao, ukilitazama vizuri, ni mfereji wa majaribio. Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia likitajwa darasani, sijui kwa nini, maana ni tamu. Utafiti mkubwa wa mwanzo kuhusu namna maji yanavyobeba mashapo ulichapishwa mwaka 1914 na Grove Karl Gilbert wa shirika la jiolojia la Marekani. Alikuwa na mifereji ya majaribio huko Berkeley, mchanga uliopangwa kwa ukubwa wa punje, na subira ya kubadilisha mwinamo na kupima tena. Alifanya hivyo kwa sababu wachimba dhahabu wa milima ya Sierra Nevada walikuwa wamebomoa vilima kwa mabomba ya maji yenye nguvu, kifusi kikajaa mito ya California. Sayansi hii ilizaliwa kwenye tope la wachimbaji. Sisi tunayo mialo, tunao wachimbaji, na bado tunaifundisha kwa chaki.

Sasa skeli, ambayo kwangu ndiyo moyo wa kozi. Modeli ndogo si kitu kikubwa kilichopunguzwa tu. Ukipunguza mto mara kumi, kina kinapungua mara kumi, lakini graviti haipungui, mnato wa maji haupungui, na punje za mchanga ukizipunguza mara kumi zinageuka vumbi linaloshikamana. Ili modeli iseme kweli, uwiano fulani wa kani lazima ubaki ule ule. Namba ya Froude inalinganisha mwendo wa maji na graviti. Namba ya Reynolds inalinganisha mwendo huo na mnato. Osborne Reynolds aliionyesha mwaka 1883 huko Manchester kwa bomba la kioo na uzi wa rangi, uzi ukienda umenyooka maji yanapokuwa taratibu, kisha ukivurugika kasi ikizidi kiasi fulani. Wanafunzi wetu wanazijua namba hizi kwa majina. Waulize kama zote mbili zinaweza kutunzwa kwa pamoja kwenye modeli ya mto iliyopunguzwa mara kumi, uone.

Haziwezekani. Kutunza Froude, kasi lazima ishuke kama mara 3.2. Kina kimeshashuka mara 10. Namba ya Reynolds inakuwa imeanguka mara 32, na kuirudisha unahitaji kimiminika chenye mnato mdogo kuliko maji mara 32, ambacho fundi hawezi kukuletea kwa ndoo. John Southard na wenzake wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walitafuta njia ya mkato: wakatumia maji ya moto. Maji ya nyuzi 80 za Selsiasi yana mnato wa theluthi moja hivi ya maji ya nyuzi 20, na ukifuata hesabu hiyo, mfereji wa maji ya moto unawakilisha kwa uaminifu mto wenye kina mara mbili ya mfereji. Mara mbili tu, kwa kuni zote hizo! Mimi huipenda mifano ya namna hii kwa sababu inamfundisha mwanafunzi kwamba modeli ina bei, na kwamba lazima achague atakachokitoa kafara. Kwenye modeli nyingi za mito tunaiacha Reynolds ianguke, mradi mtiririko ubaki wa msukosuko, tukaing'ang'ania Froude. Kwenye modeli ya lava tunafanya kinyume. Uchaguzi huo ndio utaalamu wenyewe, na mtihani wa kuthibitisha milinganyo haumgusi mtu hapo hata kidogo.

Kuna fumbo pia, nisilifiche. Chris Paola wa Chuo Kikuu cha Minnesota, yeye na wenzake, waliandika mwaka 2009 kwamba modeli ndogo za mito na delta zinafaulu kuliko zinavyostahili: nyingi hazitimizi masharti ya skeli, na bado mito midogo ndani ya sinia kubwa inajigawa, inahama na kujenga delta kama mikubwa. Kwa nini, bado panajadiliwa. Mwanafunzi aliyelelewa kwa milinganyo tupu hawezi hata kuona kwamba hapo pana ajabu.

Najua nitakachojibiwa. "Siku hizi kuna kompyuta, nani anacheza na mchanga?" Naam, programu zipo, na nyingine hazilipiwi hata senti, ile ya maji ya ardhini inayotumika duniani kote, MODFLOW, inatolewa bure na shirika lile lile la Gilbert tangu miaka ya 1980. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na ramani zake za rangi, zinazotoka nzuri hata pale aliyeibonyeza hajui alichokibonyeza.

Chukua Makutupora, kaskazini ya Dodoma, kwenye visima vinavyoinywesha Dodoma tangu enzi za mkoloni. Kumbukumbu za kina cha maji pale zinarudi nyuma hadi miaka ya 1950, hazina ambayo sehemu chache za kitropiki zinayo. Watafiti walipozipitia kumbukumbu za miaka 55 waliona kwamba maji yale hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Yanashuka miaka mfululizo, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa na kuyapandisha kwa kishindo. El Niño ya 1997 na 1998 ndiyo iliyojaza kuliko zote. Mwanafunzi anayejenga modeli kwenye kompyuta anatakiwa aingize kiwango cha kujazwa kwa maji. Asiyejua ataingiza wastani, mvua ya kila mwaka ikatwe asilimia fulani, na ramani itatoka na rangi zake. Itakuwa imeeleza maji ya ardhini ambayo hayapo Dodoma.

Sasa mpe mwanafunzi huyo bomba la plastiki la inchi sita, urefu wa nusu mita, lililojazwa udongo mkavu wa kichanga. Hii ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Mwambie amwage kikombe kimoja cha chai kila siku kwa wiki mbili, bomba likiwa juani. Chini hakitoki kitu, kwa kuwa udongo unakinywa na jua linakichukua. Kisha amwage vikombe vyote kumi na nne kwa mara moja. Ataona. Baada ya hapo hatathubutu kuandika wastani bila kujiuliza.

Na hiyo si njia ya maskini wasio na kompyuta. Sheria ambayo programu zote hizo zimesimama juu yake ilitoka kwenye bomba la mchanga. Henry Darcy, mhandisi aliyeipatia Dijon maji ya bomba, aliyapima maji yanayopenya kwenye safu ya mchanga katika uwanja wa hospitali ya mji huo, akachapisha matokeo mwaka 1856. Uwiano kati ya kiasi cha maji kinachopita na tofauti ya kimo chake uliandikwa na mchanga kabla haujaandikwa na mtu.

Nataka nikae kidogo kwenye tope, kwa kuwa ndilo linaloua. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku za mwanzo uvumi ulienea kuwa volkano imelipuka. Wataalamu wa serikali wakaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikakatika. Maelezo yalikuwa sahihi, lakini nilijiuliza ni wahitimu wangapi wa jiolojia waliokuwa wamewahi kufundishwa chochote kuhusu kimiminika ambacho si maji. Kwenye kozi ya kuazima, tope halimo. Wahandisi wa mabomba hawalihitaji.

Tope haliendi kama maji. Maji yatateremka hata kwenye mwinamo mdogo kabisa. Tope husimama mpaka kani inayolivuta ivuke kiwango fulani, ndipo linapoachia, na likifika mahali tambarare au likipungua unene linasimama tena na kubaki na ukingo mnene. Kila mwenye jiko anaijua tabia hiyo. Uji wa ulezi wa moto unajisambaza kwenye sahani. Ule uliopoa unabaki na kilima pale ulipoangukia. Ugali hausogei kamwe. Kiwango hicho cha kuachia mwanafunzi anaweza kukipima kwa sinia, uji na rula: mimina, inua sinia pole pole, pima unene wa tabaka linapoanza kuteleza na mwinamo wa wakati huo. Zidisha densiti kwa graviti, kwa unene, kwa saini (sine) ya pembe. Basi.

Mpeleke halafu kwenye bonde lolote lenye tope la zamani. Akikuta limeganda kwa unene wa mita moja kwenye mteremko wa nyuzi 5, na densiti yake ilikuwa maradufu ya maji, anapata kiwango cha kuachia cha paskali 1,700 hivi. Tayari ana namba inayomwambia tope kama hilo likija tena litasimama kwenye mteremko gani, yaani nyumba ipi iko salama na ipi haiko. Katika mambo yote ninayoyajua kwenye kozi hii, hakuna linalopita hili kwa faida ya raia wa kawaida, na linahitaji uji.

Linapofika suala la vifaa huwa nasikia sauti ile ile: tungekuwa na maabara kama za wenzetu. Wenzetu walianza vipi? James Hall wa Scotland, alipotaka kujua miamba ilivyokunjamana, alitandika nguo tabaka juu ya tabaka, akazilalia kwa mlango uliopakiwa vitu vizito, akazisukuma kutoka ubavuni. Aliichapisha mwaka 1815. Khanga tunazo. Na mihadhara ya Southard kuhusu mtiririko na mashapo imewekwa bure na MIT kwa mtu yeyote mwenye bando, kwa hiyo hata kisingizio cha vitabu kimepungua makali.

Kilichopungua ni uvumilivu wetu kwa mwanafunzi aliyekiona kitu kwa macho yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akiwa anatengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na alipoendelea kushikilia, ikawa darasani ni kejeli: hiyo ni fizikia ya Mpemba. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, wenzake wakacheka. Osborne alirudi Dar akajaribu. Makala yao ya pamoja ilitoka mwaka 1969, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe lipo na kama lipo linatokana na nini, huku mizunguko ya maji ya moto ndani ya chombo ikiwa miongoni mwa yanayotajwa. Watu wanalisimulia kama kisa cha ushujaa. Mimi hulisoma kama taarifa kuhusu darasa la fizikia, na darasa hilo halijabadilika sana.

Mwaka jana nilipewa vipindi vichache vya kozi hii, nikajaribu. Nusu ya alama za darasani niliziweka kwenye modeli moja: Oldoinyo Lengai, mlima pekee duniani unaojulikana kutema lava ya kaboneti ya sodiamu katika zama hizi. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya lava za kawaida, na inateleza kama mafuta mazito. Kwa Nyiragongo, volkano ya Kongo, ambako lava nyepesi ilishuka mwaka 1977 kwa kasi ya gari na mwaka 2002 ikapita katikati ya Goma hadi ziwani Kivu, ningehitaji modeli nyingine. Nikawaachia wiki ya mwisho, hatukuifikia.

Vikundi vilifinyanga mlima kwa udongo na kuleta asali. Kundi moja lilikuja na aina mbili, ya Tabora na ya nyuki wadogo, kwa sababu ya pili ina maji mengi na ni nyepesi. Hilo sikuwafundisha mimi, mmoja wao ana shangazi anayefuga. Walimimina, wakapima upana na kasi ya ulimi wa asali, wakapiga hesabu ya skeli, wakapata kwamba lava ya kweli ingesimama katikati ya mlima. Picha za mlima zinaonyesha imefika mbali zaidi. Waliona aibu. Nikawaambia wasifute chochote, watafute kosa.

Iliwachukua siku nne. Tabaka lao la asali lilikuwa na unene wa milimita mbili. Kwa unene huo mvutano wa uso, ule unaofanya tone libaki duara, unashindana na graviti na kuushika ukingo wa asali usiendelee. Kwenye mlima wenyewe lava ina unene wa makumi ya sentimita na mvutano huo hauna sauti. Modeli yao ilikuwa imeitii kani ambayo mlima hauijui. Waliyaandika hayo kwa ukurasa mmoja na nusu, na mlinganyo mmoja, walioutafuta wenyewe. Niliwapa alama 18 kati ya 20. Sisimizi wa maabara walichukua zilizobaki.

Walipokabidhi, yule mwenye shangazi alibaki mlangoni. Asali haigandi juu kama lava inavyoganda, alisema, kwa hiyo hata tukiongeza unene bado kuna kitu tunakikosa. Nikamuuliza angetumia nini. Jumatano iliyofuata alikuja na nta ya nyuki kwenye mfuko wa shule, jiko la mafuta ya taa, na sufuria ya mama yake.